Kabla ya Kengele na Baada ya Kengele

Mtu aliyekulia pwani huenda asielewe mara moja kwa nini sisi wazazi wa Kigoma tunaizungumzia asubuhi kwa hofu kidogo. Nchi nzima inatumia saa ileile, lakini jua halifuati saa ya redio, na kwa kuwa tupo magharibi kabisa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hutufikia kiasi cha dakika arobaini baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Mwezi Februari na mwezi Julai huchomoza saa 1 ikiwa imekwisha kupita. Mtoto anayetakiwa kuwa shuleni saa 1 kamili kwa ajili ya usafi wa mazingira hutoka nyumbani gizani, akiruka mitaro ambayo anaijua kwa mazoea na si kwa macho. Jioni tunarudishiwa mwanga wetu, maana saa 1 jioni bado watoto wanacheza mpira barabarani, lakini mwanga wa jioni haumsaidii mzazi ambaye asubuhi ile amemwacha mtoto wa miaka sita njiani akiwa na tochi.

Mimi ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ni nyaraka na hesabu za mizigo inayovuka ziwa kwenda Bujumbura, Kalemie na Uvira, na ratiba yangu hupangwa na meli zaidi kuliko inavyopangwa na ofisi. Siku ambayo hakuna meli ninaingia saa 2 asubuhi kama watumishi wengine. Siku ya kupakia natakiwa kuwa getini bandarini saa 12:30, na mara nyingi sitoki kabla ya saa 11 jioni. Mume wangu anafanya kazi Uvinza na hurudi Jumamosi. Ndugu zangu wapo Kibondo, wa kwake wapo vijijini Kasulu, kwa hiyo pale mtaani Mwanga tulipopanga hatukuwa na bibi wala shangazi wa kumgongea mlango. Mambo haya yalipoanza, binti yangu alikuwa darasa la nne na mdogo wake wa kiume ndiyo kwanza ameandikishwa darasa la kwanza. Mdogo alikuwa akitoka shuleni saa 5:30, na dada yake, kwa sababu ya upimaji wa darasa la nne, alikuwa akibaki masomo ya ziada hadi saa 10.

Nilipoketi na kupiga hesabu niliona kwamba sikuhitaji mtu wa kutwa nzima. Nilihitaji saa moja na nusu asubuhi, na saa chache za mchana. Tatizo ni kwamba kwetu kazi hiyo haina jina. Tuna dada wa kazi, tuna mwalimu wa chekechea, tuna bodaboda wa kupeleka wanafunzi. Lakini mtu wa kukaa na mtoto kabla ya kengele ya kuingia na baada ya kengele ya kutoka, ambaye si ndugu na si mtumishi wa ndani, hatujampa hata cheo. Ukienda kumwulizia unajikuta unaeleza kwa dakika tano, na mwisho unaambiwa, “Ah, kumbe unatafuta dada wa kazi.”

Kwa hiyo nilianza na dada wa kazi, na hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo hadi leo nalikumbuka nikiwa peke yangu. Mama mmoja wa mtaani alijitolea kuniletea binti kutoka kijijini kwao, akanihakikishia ana miaka 17. Alikuwa mkimya, mwenye adabu, mrefu kiasi cha kuaminika, na mimi nilikuwa na haraka. Sikuomba cheti, sikuongea na mzazi wake hata kwa simu. Siku ya nne niliwahi kurudi, nikawakuta uani wanacheza rede, yeye, binti yangu na watoto wa majirani. Aliyekuwa amekaa chini akilia kwa sababu amedhulumiwa zamu yake hakuwa binti yangu. Alikuwa huyo dada. Nilimwita ndani, nikampa maji, nikamwuliza umri wake bila ukali. Alikuwa na miaka 13.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi, na hata hapo ni kazi nyepesi tu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri huo. Nilikuwa nayajua hayo, maana mimi hushinda na karatasi za sheria kutwa, ingawa za forodha. Jumamosi nilimpandisha basi na nikapanda naye, nikamlipa mshahara wa mwezi mzima, nikamfikisha kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima kubwa, akanipikia, akanifungia na maharage ya kuondokea. Laiti angenifokea, ningesafiri nyepesi zaidi. Nilikuwa nimemtoa mtoto wa mtu shuleni ili wangu wafike shuleni salama.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye kituo cha kulelea watoto mchana ambacho nilikuwa nakipita kila siku. Kilikuwa kisafi, kimezungushiwa uzio, na mwenyewe alikuwa mwanamke makini. Alimtazama mwanangu, akamwambia acheke, kisha akaniambia, “Mama, huyu ameshaota mapengo. Mimi wangu ni wale ambao hawajaanza shule.” Alinieleza kwamba ndivyo kituo chake kilivyosajiliwa, na kwamba maofisa wakija kukagua wakamkuta mwanafunzi wa msingi amechanganywa na watoto wa miaka mitatu, atakayetoa maelezo ni yeye. Sikuweza kumlaumu. Nilikwenda hadi ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza kama kuna vituo vya namna ninayoitaka, na afisa aliyenisikiliza, kijana mpole, alikuna kichwa akasema kwamba kwa hesabu zao mtoto wa umri huo yupo shuleni. Nilimwambia kwamba hata kwa hesabu zangu yupo shuleni, ila anatoka saa 5:30. Tulicheka wote wawili, nikaondoka mikono mitupu. Ajabu ni kwamba programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhesabu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Mwanangu wa miaka sita alikuwa bado ni mtoto mdogo kwenye mpango wa taifa, lakini kwenye lango la kituo alikuwa mkubwa.

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliponihurumia, nilishukuru Mungu. Alisema watoto wapitie kwake asubuhi na wakirudi, na alikataa katakata kupokea fedha. Mimi nikawa napeleka sukari, siku nyingine chupa ya mawese, siku nyingine migebuka miwili niliyopitia kununua Kibirizi. Mpango huo ulidumu muhula mmoja, na tatizo lake lilikuwa utamu wake. Kwa kuwa hapakuwa na malipo, hapakuwa na saa, na kwa kuwa hapakuwa na saa, hapakuwa na namna ya kuuliza. Siku moja ya mvua za Aprili nilirudi saa 11 nikawakuta wanangu wamejibanza chini ya paa la kibanda cha chipsi kilichofungwa, madaftari yamelowa, mdogo amevaa sweta la dada yake kichwani. Jirani alikuwa amekwenda msibani Ujiji, akafunga mlango, akadhani nitawahi. Nilimkasirikia usiku mzima. Asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda kumwambia, nikagundua sina cha kumwambia. Alikuwa ananifanyia hisani, na mtu anayekufanyia hisani hana wajibu wa kukuarifu kwamba leo hisani haipo. Nilikwenda kumpa pole ya msiba.

Habari ya bodaboda nitaieleza kwa ufupi kwa sababu kila mzazi anayo yake. Nilipatana na kijana mmoja wa kijiweni kwetu awapeleke asubuhi, kisha amrudishe mdogo mchana na kumkabidhi kwa mwenye duka. Asubuhi aliwapakia wawili pamoja na mtoto wa tatu ambaye sikumjua, mshikaki mtupu. Mchana mmoja alipata abiria wa kwenda Mwandiga akiwa tayari amemchukua mwanangu, akamshusha kijiweni “dakika kumi tu” kwa wenzake. Nilimkuta hapo saa 10, amekaa juu ya tangi la pikipiki ya mtu, anatafuna muwa, na ameshajifunza maneno mawili ambayo sitayaandika. Hakuwa amedhurika. Wale vijana walikuwa wamemlisha na kumkinga jua kwa koti. Lakini nilitambua kwamba bodaboda ni chombo cha kumtoa mtoto mahali na kumpeleka mahali, na mimi sikuwa na mahali pa kumpeleka. Tuisheni nayo niliijaribu, ile ya mchana inayofanyika barazani kwa mwalimu mmoja. Mdogo alikuwa analala juu ya daftari kabla ya saa 8, na nikawa nalipia usingizi.

Aliyepata jibu ni mwanangu mwenyewe. Tulikuwa tunakula usiku, mimi nikihesabu kwa sauti watu niliowahi kuwaomba, ndipo akasema, “Si tukae kwa Bibi wa maandazi? Yeye anaamka kabla yako.” Bibi wa maandazi ni mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka lango la shule, na kila mtoto wa shule ile anamjua kwa sababu wengi hununua kwake kabla ya kuingia darasani. Nilikuwa nimempita mamia ya mara. Wakati wote nilikuwa natafuta mtu mwaminifu ambaye angekuwa tayari kuzifungua saa zake kwa ajili yangu, na sikuwahi kufikiria kumtafuta mtu ambaye saa ninazozihitaji tayari yumo ndani yake, yupo macho, amewasha moto na taa, na hawezi kuondoka kwa sababu karai lipo jikoni. Wazo hilo sikulitoa mimi, na nasisitiza hivyo kwa sababu nilikuwa nimewahamisha watoto mara nne bila kuwauliza hata mara moja.

Nilikwenda siku ya Jumapili jioni, nikapiga shikamoo, nikakaa kwenye benchi lake. Nilimweleza. Alisikiliza huku akichambua unga, kisha akasema, “Walete tu, mwanangu. Watoto si magunia, watalemea nini?” Nilijua nikikubali hapo nimerudi kwa jirani yangu wa msibani. Nikamwambia kwamba nataka kulipa, na nataka tupange saa, na kama hataki fedha basi nitashukuru lakini sitawaleta. Alinitazama kwa muda, nikadhani nimemkosea. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Akasema shilingi 1,000 kwa siku, wote wawili, pamoja na uji na andazi. Mimi nikasema nitalipa zile siku za meli tu, kwa kuwa siku nyingine naweza kuwapeleka mwenyewe. Hapo akakataa.

“Karai halijui kama meli imekuja,” alisema. “Mimi naamka saa 9 ya usiku kila siku. Ukiniletea siku mbili ukaacha tatu, sitajua niukande unga kiasi gani, na siku utakayoniletea bila kunizoea, watoto watakuwa wageni. Lipa wiki nzima au tuache.”

Alikuwa na haki, na nimekuja kuona kwamba hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi tunalikosea. Tunataka mtu awe tayari kila siku, lakini tumlipe siku ambazo sisi tumemhitaji. Kule kuwa tayari ndiko kazi yenyewe. Nilikubali kulipa kila siku ya shule, meli iwepo isiwepo, na nikaanza kuwapeleka hata siku ambazo ningeweza kuwasindikiza mwenyewe, ili wazoee.

Jambo la pili aliloniambia lilinishtua zaidi: mchana hawezi. Mtu anayeamka saa 9 ya usiku hulala mchana, na yeye akimaliza biashara saa 4 asubuhi huoga, hula na kulala hadi alasiri. “Nikikuambia nitamwangalia mchana nitakuwa nimekudanganya. Atakuwa anaangalia yeye mimi nimelala.” Ningempata wapi mtu wa kuniambia hivyo kabla sijapoteza kitu? Akanielekeza kwa mkwe wake, mke wa mwanawe, anayekaa uani humo humo na ambaye ni fundi cherehani. Huyo hushinda barazani kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, mguu kwenye pedali, uso barabarani, akiona kila anayepita. Tulipatana shilingi 1,500 kwa siku, na chakula cha mchana nikawa napeleka mimi kila Jumatatu: unga wa muhogo, dagaa, mafuta, na chumvi. Mume wangu alipopigiwa simu alisema nisibishane, niwape wanachotaka, jambo ambalo ni rahisi kulisema mtu akiwa Uvinza. Jumla ilikuwa 12,500 kwa wiki, nikawa nalipa kila mmoja peke yake, mkononi, Ijumaa jioni, kwa sababu niliona kwamba nikimpa Bibi zote agawe nitakuwa nimepanda ugomvi katika nyumba ya watu.

Kabla ya siku ya kwanza nilifanya mambo ambayo baadhi ya rafiki zangu waliyaita utovu wa adabu kwa mtu mzima. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia nyumba ile. Kisha nikamwuliza Bibi, kwa maneno ya wazi, ni nani wengine wanaolala humo. Akataja mkwe, mwanawe, wajukuu wawili, na mpangaji wa chumba cha mbele, kijana mvuvi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa zao na kurudi alfajiri, na siku za mbalamwezi hubaki nyumbani. Maana yake kijana huyo angerudi saa zilezile ambazo wanangu wapo hapo, na kwa siku kadhaa za kila mwezi angekuwepo muda wote. Sina neno baya juu yake; hadi leo ni kijana anayewasalimia watoto na kupita zake kwenda kulala. Lakini nilimwambia Bibi kwamba ningependa watoto wakae barazani tu, wasiingie chumba cha mtu yeyote, na wakienda chooni waende wawili au wasindikizwe na mkwe. Nilitegemea ahamaki. Badala yake alisema, “Mimi nimelea mabinti watano, unadhani sijui unachosema?” Nyumbani nilizungumza na watoto wote wawili, wa kike na wa kiume kwa uzito uleule, kuhusu mwili wao na kuhusu siri ambazo hazifai kutunzwa, nikawafundisha namba 116 ya msaada kwa mtoto hadi wakaiimba. Wiki mbili za mwanzo nilitokea mara tatu bila taarifa. Mara ya tatu mkwe alinichekea akasema, “Dada, leo umechelewa kutukagua.”

Hatari iliyotupata haikutoka kwa mtu. Ilitoka kwenye karai. Mwanangu alikuwa anapenda kuangalia andazi linavyovimba na kujigeuza lenyewe ndani ya mafuta, akawa kila siku anasogea hatua moja. Asubuhi moja ya wiki ya tatu andazi lenye unyevu lilipasuka, na mafuta yakamrukia nyuma ya kiganja. Nilipofika jioni nilikuta malengelenge matatu, makubwa kama punje za mahindi, na mkono mwingine ameshika andazi alilopewa kumbembelezea. Bibi alikuwa amemwagia maji baridi kwa muda mrefu, jambo ambalo ndilo sahihi, na alikuwa amemfukuza mtu aliyekuja mbio na dawa ya meno. Hakunificha, na hakusema mtoto ndiye mtundu. Kesho yake nilikuta amechora mstari wa chokaa sakafuni, hatua nne kutoka jikoni, na benchi la watoto limehamishiwa upande wa pili wa mstari, ukutani. Mstari huo unachorwa upya kila Jumatatu. Anayeuchora ni mwanangu, maana Bibi ndiye aliyempa kazi hiyo, na sijawahi kumwona akiuvuka, ingawa nyumbani hakuna mpaka anaouheshimu.

Baada ya tukio hilo tuliandika makubaliano. Yapo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la shilingi 1,000, kwa mwandiko wa binti yangu kwa sababu Bibi hapendi mwandiko wangu. Yanasema saa ya kufika, kwamba saa 12:50 wanasindikizwa hadi langoni na mmoja wa wajukuu wakubwa, kwamba mchana mdogo anapokewa langoni na fundi mwenyewe, na kwamba hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuwachukua isipokuwa mimi na baba yao, hata akisema nimemtuma. Kuna mambo ya homa pia. Bibi ana simu lakini haina salio siku nyingi, na mimi nikiwa gatini katikati ya winchi na makuli sisikii simu. Tukapatana hivi: bipu moja ni salamu, nitapiga nikipata nafasi, bipu mbili mfululizo ni njoo. Nisipojibu kwa muda wa robo saa, ampigie mlinzi wa getini, ambaye namba yake imeandikwa kwa wino mwekundu. Ndani ya daftari kuna bahasha yenye shilingi 10,000 na nakala ya kadi ya bima, ili mtoto akichemka apelekwe zahanati kupimwa malaria bila kunisubiri. Bahasha hiyo imetumika mara mbili. Mara ya kwanza kipimo kilionyesha malaria, wakaanza dawa saa 8 mchana, nami nikafika saa 11. Zamani tungeanza kesho yake.

Kazini nako ilibidi nifungue mdomo. Sheria inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku akanyonyeshe, na nilipokuwa na mdogo nilizipata bila shida, lakini mtoto akishaota hayo mapengo hakuna kifungu kinachomkumbuka. Sikuomba kupunguziwa kazi. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba taarifa ya meli nipewe jioni ya siku iliyotangulia na si usiku wa manane. Meneja alisema nahodha ndiye anayejua. Nikamjibu kwamba nahodha huwa ameshamwambia msimamizi wa makuli saa 10 jioni, kwa sababu makuli wenyewe huwa wanajua. Tangu hapo napata ujumbe saa 10.

Mpango uliposimama vizuri, Januari ikaja. Walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wengi kuliko vyumba, shule ikaweka zamu mbili kwa madarasa ya chini, na mwanangu, sasa darasa la pili, akapangwa zamu ya mchana, kuingia saa 6:30. Ile saa moja na nusu ya asubuhi ikawa saa saba, na za mchana zikapungua hadi moja. Nilikwenda kwa Bibi na fundi nikiwa na daftari kwapani, tukakaa barazani tukapanga upya: mdogo anahamia upande wa cherehani Bibi anapokwenda kulala, anakula mapema, fundi anamvalisha sare na kumvusha barabara. Fundi aliomba 2,000, nikampa, maana yeye ndiye aliyeongezewa mzigo. Bibi hakuomba kuongezewa, ila alisema likizo za Juni na Desemba nisimlipe, kwa kuwa likizo shule haina wateja na yeye huenda kwa bintiye ng’ambo ya ziwa. Likizo bado ni donda langu. Juni tunawapeleka Kibondo kwa mama yangu. Desemba iliyopita nilimbeba mdogo ofisini siku nne, akakaa chini ya meza yangu akipanga mihuri, na sitaki kujifanya kwamba huo ni mpango.

Fundi naye hana wa kumshikia nafasi akiugua. Mwezi uliopita alilazwa siku mbili, na mdogo alikaa kwa yule jirani yangu wa zamani, ambaye safari hii nilimlipa, naye safari hii alipokea.

Daftari sasa limefika katikati. Baada ya ukurasa wa makubaliano, mjukuu mmoja wa Bibi, mwanafunzi wa kidato cha pili, alianzisha mwenyewe utaratibu wa kuandika kila siku mstari mmoja, nami husoma Ijumaa nikija kulipa. Wiki hii ulisomeka hivi: Jumatatu, wote wamefika, mstari umechorwa. Jumanne, mkubwa ana mafua. Jumatano, mdogo amekula maandazi matatu, moja ni la deni. Alhamisi, meli, wamefika saa 11:40 bado giza. Ijumaa, mdogo kaacha kiatu kimoja kwa fundi, kashonewa.